Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Safari ya Wawili kwa Gari Katika Mashamba ya Mvinyo ya Western Cape, Afrika Kusini

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wanandoa wa Tanga wanaotaka kwenda nje ya nchi kwa mapumziko ya wawili, wakiwa na gari la kukodi, chakula kizuri na, kwa wanaokunywa, glasi ya mvinyo. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayowahusu wachache, na pale ambapo jibu limekwisha kutolewa, msomaji anaelekezwa kwenye swali husika. Majibu mengi hapa yanatokana na msimamo mmoja: katika safari ya namna hii, jambo la kwanza la kupanga ni nani atashika usukani siku ipi, na orodha ya mashamba ya kutembelea hufuata baada ya hapo.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini Western Cape, na si Italia au Ufaransa?

Kwa Mtanzania sababu ni za kivitendo. Mwenye pasipoti ya Tanzania huingia Afrika Kusini kwa matembezi bila viza kwa muda usiozidi siku 90, ilhali Italia na Ufaransa zinadai viza ya Schengen pamoja na rundo la nyaraka za benki, ajira na bima. Afrika Kusini magari hupita upande wa kushoto kama kwetu, kwa hiyo dereva aliyezoea barabara ya Segera hadi Chalinze halazimiki kujifunza upya mzunguko wa barabara. Zaidi ya hayo, mashamba yapo karibu na mji: Stellenbosch iko takriban kilomita 50 kutoka Cape Town na Franschhoek takriban kilomita 80, nazo zimetenganishwa na milima ambayo kila upande inaleta mandhari tofauti.

Italia ni nzuri, na atakayeipata viza aende. Lakini kwa wawili wanaosafiri nje ya Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza, ushauri wa ukurasa huu ni kuanza na kule ambako nguvu zenu hazitaishia kwenye foleni ya ubalozi.

2. Twende mwezi gani?

Mwezi wa Machi, mkiweza. Mavuno ya zabibu huanza karibu na mwisho wa Januari na huendelea hadi Aprili, hivyo mnakuta matrekta yakipita na mabehewa ya zabibu, harufu ya maji ya zabibu yaliyoanza kuchacha imejaa kwenye majengo, na joto limepungua ukali. Desemba na nusu ya kwanza ya Januari ni msimu wa likizo za shule: vyumba hupanda bei, migahawa hujaa wiki kadhaa kabla, na upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu.

Mvua za huko huja kinyume na zetu. Wakati masika ya Tanga yanamalizika, Cape Town inaingia kwenye majira ya baridi na mvua, kuanzia Juni hadi Agosti, na usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Anayekwenda miezi hiyo abebe koti la kweli, wala asidanganywe na sweta la Lushoto. Faida ya majira hayo ni nyangumi: kuanzia Juni hadi Novemba huja karibu na ufuo wa Hermanus, na huonekana kwa macho mtu akiwa amesimama juu ya miamba, bila kupanda mashua.

Saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Desemba jua huzama karibu na saa mbili usiku, jambo linalomchanganya mtu wa pwani yetu aliyezoea Magharibi isiyohamahama, na linalopaswa kuzingatiwa na wanaopanga safari kwa kufuata vipindi vya sala.

3. Siku ngapi zinatosha?

Nane, bila kuhesabu siku za ndege. Usiku wa kwanza na wa pili mlale Cape Town, wa tatu na wa nne Franschhoek au Stellenbosch, wa tano Montagu, wa sita Oudtshoorn, wa saba Hermanus, kisha mrudi mjini kwa njia ya bahari. Wenye siku tano waache Oudtshoorn na watoke Franschhoek moja kwa moja hadi Hermanus. Wenye siku tatu wasikodi gari la safari ndefu. Wabaki Cape Town na bonde moja tu.

Kosa linalojirudia ni kupanga mashamba manne au matano kwa siku. Mawili yanatosha, moja kabla ya chakula cha mchana na jingine baada yake, kwa sababu zinazoelezwa katika swali la 7.

4. Karatasi gani zinahitajika?

Pasipoti iliyo hai kwa angalau siku 30 baada ya tarehe mnayokusudia kuondoka Afrika Kusini, yenye kurasa tupu mbili za mihuri. Tiketi ya kurudi. Na uthibitisho wa mahali mtakapolala na wa fedha za kujikimu, kwani afisa wa uhamiaji ana haki ya kuuliza. Bebeni pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wengi hupitia Nairobi au Addis Ababa, miji ya nchi ambazo zimo katika orodha ya zenye homa hiyo, na ni rahisi zaidi kuitoa kadi mfukoni kuliko kubishana kaunta kuhusu saa mlizokaa uwanjani.

## Usukani na barabara

5. Je, leseni ya Tanzania inakubalika?

Inakubalika kwa mgeni wa muda, mradi iwe hai, iwe na picha na saini ya mwenyewe, na iwe imeandikwa kwa Kiingereza. Leseni yetu ya kadi inatimiza masharti hayo. Anayeendesha anatakiwa kuwa nayo garini, pamoja na pasipoti. Picha ya leseni kwenye simu haitoshi.

6. Kukodi gari kunakwendaje, na kwa nini wanasisitiza aina ya kadi?

Kampuni za kukodi magari hushikilia kiasi cha fedha kama dhamana, na nyingi hutaka dhamana hiyo ikatwe kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu. Hapa ndipo Watanzania wengi hukwama, kwa kuwa kadi zetu nyingi ni za akaunti ya kawaida. Ulizeni kwa maandishi kabla ya kulipa: je, kadi ya akaunti inakubaliwa, na ikikubaliwa dhamana inapanda kwa kiasi gani? Wapo wanaoipokea iwapo mteja atanunua bima kubwa inayoondoa kiwango cha mteja kujilipia mwenyewe. Fedha za kwenye simu hazitawasaidia kaunta.

Mambo mengine matatu yasipite bila kutazamwa. Bei ya chini kabisa mtandaoni kwa kawaida ni ya gari la gia za mkono, hivyo aliyezoea otomatiki achague otomatiki waziwazi. Bima ya kawaida mara nyingi haihusu matairi na vioo, wala barabara za changarawe. Na dereva wa pili lazima aandikwe kwenye mkataba, hata kama kuna ada yake, maana mpango wote wa swali linalofuata unategemea madereva wawili.

7. Tunakwenda kuonja mvinyo. Sasa nani anaendesha?

Sheria ya Afrika Kusini inaweka ukomo wa gramu 0.05 za kilevi katika mililita 100 za damu kwa dereva wa kawaida, na pamekuwapo pendekezo la kuushusha hadi sifuri. Ukomo huo unafikiwa upesi kuliko watu wanavyodhani. Kionjo kimoja ni kama mililita 25 hadi 30. Vionjo vitano vya shamba moja vinakaribia mililita 150, yaani glasi kamili ya mezani. Mashamba mawili ni glasi mbili, na glasi ya chakula cha mchana ni ya tatu. Hesabu hii mtu huifanya vizuri zaidi asubuhi akiwa hajaonja chochote.

Njia ya kwanza, na iliyo bora kwa maoni yangu, ni kupokezana siku: leo mmoja anashika usukani na kutema anachoonja au kutoonja kabisa, kesho mwingine. Kutema si utovu wa adabu huko. Kila meza ina chombo chake, na wataalamu ndio wanaokitumia zaidi. Njia ya pili ni kuliacha gari mlikolala. Franschhoek kuna tramu ya mvinyo iliyoanza mwaka 2012, inayozungusha wageni kutoka shamba moja hadi jingine kwa behewa lililo wazi pembeni na basi, na mtu hushuka na kupanda apendavyo kwa tiketi moja ya siku. Njia ya tatu ni dereva wa kukodi kwa siku. Ni ghali kwa mtu mmoja, lakini gharama hiyo ikilinganishwa na chakula cha mchana cha wawili katika shamba lenye jina, haishangazi.

Njia isiyopendekezwa ni ile inayoonekana rahisi kuliko zote: kwa kuwa mmoja wenu hanywi, basi yeye aendeshe safari nzima. Sheria imetimizwa, ni kweli, lakini mwenzenu atarudi Tanga akiwa ameona mstari mweupe wa barabara kwa siku nane huku mwingine akitazama milima. Barabara za huko ni nusu ya thamani ya safari, na anayeshika usukani kwenye kona hana ruhusa ya kutazama pembeni. Mbadilishane hata kwa vipande vya saa moja moja, kila asubuhi, kabla glasi ya kwanza haijamiminwa.

8. Barabara zipi zina mandhari nzuri zaidi, na tuzipite kuelekea upande gani?

Upande wa kuelekea ni swali ambalo wachache huliuliza, nalo lina uzito. Kwa kuwa mnapita kushoto na usukani uko kulia, abiria ndiye anayekaa upande wa ukingo wa barabara. Mkiwa na bahari kushoto kwenu, abiria anaiona bila kizuizi na gari linaingia kwenye maegesho ya kutazamia mandhari bila kukata njia ya wanaokuja.

Kwa hiyo barabara ya Chapman's Peak, inayounganisha Hout Bay na Noordhoek kusini mwa Cape Town, ipiteni kutoka Noordhoek kwenda Hout Bay. Ilijengwa kati ya 1915 na 1922, ina urefu wa kilomita 9 na kona 114 zilizochongwa kwenye jabali juu ya Atlantiki. Ni ya kulipia, na hufungwa mawe yanapoanguka au upepo unapozidi, hivyo ulizeni asubuhi ya siku yenyewe. Anayeifahamu barabara ya Mombo hadi Lushoto hataogopa kona. Atakachoshangaa ni kwamba badala ya korongo la miti, chini kuna mawimbi.

Kwa kanuni hiyo hiyo, barabara ya pwani kati ya Rooi-Els na Gordon's Bay, iitwayo Clarence Drive, iwekwe mwisho wa safari, mkirudi kutoka Hermanus. Njia kuu ya N2 ni fupi zaidi, takriban kilomita 120 kati ya Hermanus na Cape Town, ila haina cha kutazama kinacholingana na hiki.

Katikati ya safari ipo Route 62. Kipande kitamu ni kuanzia Montagu, kupitia Barrydale, Ladismith na Calitzdorp, hadi Oudtshoorn. Kabla ya kuingia Montagu barabara inapenya kwenye tundu la mwamba katika korongo la Cogmanskloof, kazi ya mhandisi Thomas Bain wa karne ya 19. Baada ya hapo nchi inakauka, milima inakuwa myekundu, na magari yanapungua hadi mnaweza kwenda dakika kumi bila kupishana na mtu. Jazeni mafuta kila mji, hata tangi likiwa nusu.

Bain huyo huyo alijenga barabara ya Swartberg, iliyofunguliwa mwaka 1888 kwa jasho la wafungwa, inayopanda hadi mita 1,583 kati ya Oudtshoorn na Prince Albert. Kuta zake za mawe yaliyopangwa bila saruji bado zimesimama. Ni ya changarawe, na kabla ya kuipanda someni mkataba wa gari (swali la 6). Wenye shaka wapite Meiringspoort, barabara ya lami inayopita chini kabisa ya korongo, ambayo nayo si ya kudharauliwa.

Zilizobaki kwa ufupi: Helshoogte kati ya Stellenbosch na Franschhoek ni ya kila siku na yenye raha, kilele cha Franschhoek kipandwe jioni kwa ajili ya kuliona bonde zima, na njia ya handaki la Huguenot, lenye urefu wa karibu kilomita 4, itumiwe na mwenye haraka tu.

9. Uendeshaji wa huko unatofautianaje na wa kwetu, na usalama ukoje?

Mwendo ni kilomita 120 kwa saa kwenye barabara kuu, 100 kwenye barabara za vijijini na 60 mjini, isipokuwa kibao kiseme vingine, na kamera ni nyingi. Kwenye makutano yenye vibao vya kusimama pande zote nne, anayefika kwanza huondoka kwanza, na watu huifuata kanuni hiyo kwa uaminifu. Kwenye barabara za njia moja kila upande, gari la polepole husogea kushoto kupisha, na aliyepishwa huwasha taa za dharura mara moja au mbili kutoa shukrani. Katika hili madereva wa mabasi yetu wangeweza kupelekwa semina.

Kuhusu usalama, kanuni ni chache na zisivunjwe. Msiendeshe usiku kati ya miji. Mkitua usiku, laleni karibu na uwanja wa ndege au tumieni usafiri wa hoteli, na gari mlichukue asubuhi. Begi, simu wala mfuko mtupu usiachwe kwenye kiti, kwa kuwa mvunja kioo hajui kuwa ni mtupu. Kuelekea Cape Point fungeni vioo: nyani wa huko wanafahamu kufungua mlango wa gari.

## Mezani na glasini

10. Kuonja mvinyo kunafanyikaje? Hatutaki kuonekana washamba.

Mnakaa, mnapewa orodha, mnachagua vionjo vinne hadi sita, kisha mhudumu anavileta kimoja kimoja akieleza. Kuna ada, ambayo mashamba mengi huiondoa mkinunua chupa. Milango hufunguliwa karibu na saa nne asubuhi na mingi hufungwa saa kumi au kumi na moja jioni. Jumapili mengine hayafungui kabisa. Wawili wanaruhusiwa kushiriki seti moja, na kwa dereva wa siku hiyo ndiyo njia ya busara.

Hamtakiwi kujua msamiati wowote. Semeni mnachokisikia ulimini, hata kama ni ukwaju au embe bichi. Wahudumu wamechoka kusikia maneno ya kwenye vitabu.

11. Tumezoea mvinyo wa Dodoma. Tuanze na upi?

Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na mvinyo wake unaouzwa zaidi kwetu ni ule mtamu. Western Cape huvuna mara moja, na mvinyo wake mwingi ni mkavu, yaani usio na utamu wa sukari; mdomo wa kwanza unaweza kuwakunja uso. Anzeni na Chenin Blanc, mweupe, unaopatana na samaki na vyakula vyenye viungo. Mkiufurahia, nendeni kwenye Sauvignon Blanc ya Constantia, kitongoji cha Cape Town.

Kwa wekundu, onjeni Pinotage angalau mara moja, kwa kuwa zabibu hiyo ilizaliwa huko: Abraham Perold, profesa wa Stellenbosch, aliizalisha mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Haipendwi na kila mtu, na mimi ni mmoja wa wasioipenda ikiwa changa. Wapenda utamu wasikate tamaa. Calitzdorp, mnayoipita kwenye Route 62, inajulikana kwa mvinyo mzito mtamu wa kufungia mlo, na mvinyo mtamu wa Constantia ulisifika hata Napoleon alikuwa akipelekewa alipokuwa uhamishoni Saint Helena.

12. Tule nini?

Siku ya kwanza kuleni Bo-Kaap, mtaa wa nyumba za rangi chini ya Signal Hill. Watu wake wengi ni wazao wa watumwa na wahamishwa waliopelekwa Rasi, yaani eneo la Cape, kutoka Indonesia, India, Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki, na jiko lao litamshangaza Mtanga kwa jinsi anavyolitambua. Sambusa zipo. Mishkaki ipo, kwa jina la sosatie. Koesister, unga wenye iliki na tangawizi uliokaangwa, ukachovywa kwenye shira na kunyunyiziwa nazi, ni ndugu wa damu wa kaimati, na huliwa asubuhi ya Jumapili. Tofauti iko kwenye nyama: bobotie, ambayo ni nyama ya kusaga yenye bizari iliyookwa chini ya yai na maziwa, hutiwa zabibu kavu na mara nyingi jamu ya aprikoti. Utamu huo ndani ya mchuzi unahitaji mlo wa pili kabla ya kuuhukumu.

Pwani, tafuteni samaki aina ya snoek aliyechomwa kwa mkaa, na kome wa upande wa Atlantiki. Bara, mwanakondoo wa Karoo, nchi kame ya ndani, anastahili sifa zake. Oudtshoorn ni nchi ya mbuni, na nyama yake ni nyekundu, isiyo na mafuta, karibu na ya ng'ombe kuliko ya kuku. Iagizeni isiive kupita kiasi, la sivyo mtatafuna ngozi ya kiatu. Wali wa nazi hamtaupata, na hilo mlikubali tangu Tanga.

Mezani, bakshishi ya asilimia 10 hadi 15 ni ya kawaida. Migahawa ya mashamba yenye jina huhitaji nafasi kuwekwa mapema, hasa chakula cha mchana cha Jumapili.

13. Chakula halali kinapatikana nje ya Cape Town?

Mjini hakuna taabu, na migahawa mingi ya Bo-Kaap haiuzi pombe kabisa. Msikiti wa Auwal mtaani humo ulianzishwa mwaka 1794 na ndio wa kwanza nchini. Imamu wake wa mwanzo, Tuan Guru, mwanachuoni wa Tidore huko Indonesia, aliandika msahafu kwa kumbukumbu alipokuwa mfungwa Robben Island. Wenye safari ya Ramadhani wafuturu huko angalau siku moja.

Kwenye mabonde ya mvinyo na Route 62 hali ni nyembamba zaidi. Maduka makubwa ya miji huuza kuku na nyama zenye alama ya halali, kwa hiyo chagueni malazi yenye jiko. Kwenye mgahawa, samaki ni salama iwapo mtauliza kama mchuzi umetiwa mvinyo, kwani jikoni kwao huo ni ukawaida. Soseji ya boerewors huweza kuchanganywa na nguruwe. Ulizeni kila mara.

14. Sisi wawili hatunywi pombe. Je, safari hii ina maana kwetu?

Inayo, na swali hili huulizwa kuliko mengine yote. Barabara za swali la 8 hazidai glasi. Yapo mashamba yanayotoa vionjo vya juisi ya zabibu, vya zeituni na mafuta yake, vya jibini na vya chokoleti, na bustani zao ziko wazi kwa anayekuja kula tu. Bonde la Elgin ni la matofaa, na Ceres, jina ambalo wengi wetu tunalijua kutoka kwenye boksi la juisi dukani, ni bonde halisi la matunda mtakaloweza kulipitia. Badilisheni siku moja ya mashamba kwa pengwini wa Boulders huko Simon's Town, na nyingine kwa mapango ya Cango karibu na Oudtshoorn.

Mnapoweka nafasi, semeni mapema kwamba hamnywi. Mtapangiwa vionjo vingine bila maswali, na meza itakuwa tayari.

15. Mmoja wetu anakunywa, mwingine hapendi hata kukaa karibu na pombe. Tufanyeje?

Msimpeleke asiyependa kwenye chumba cha kuonjea kwa matumaini kwamba atazoea. Gawaneni asubuhi: tramu ya Franschhoek humshusha mmoja shambani na mwingine akabaki mjini kwenye makumbusho ya Wahuguenoti, Waprotestanti wa Ufaransa waliofika bonde hilo mwaka 1688, kisha mkutane kwa chakula cha mchana. Lingine la kukubaliana nyumbani, kabla ya tiketi kununuliwa, ni kama chupa itawekwa mezani kwenye mlo wa pamoja au la.

## Maswali ya wachache

16. Hatujafunga ndoa. Hoteli zitadai cheti?

Hapana.

17. Mke wangu ni mjamzito. Tuahirishe?

Hilo ni la daktari wake. Kwa upande wa safari, mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na kona za milimani huwasumbua wenye kichefuchefu cha miezi ya mwanzo. Vionjo viwe vya swali la 14.

18. Tunaweza kwenda na gari letu kutoka Tanga?

Inawezekana, lakini hiyo ni safari nyingine. Kupitia Tunduma, Zambia, kisha Zimbabwe au daraja la Kazungula na Botswana, hadi Cape Town ni zaidi ya kilomita 4,500 kwenda tu, na mipaka mitatu au zaidi. Kadi ya njano ya bima ya COMESA haifanyi kazi Afrika Kusini, hivyo bima ya huko itafutwe mbali. Wenye mwezi mzima na gari lenye afya wajaribu.

19. Tumesikia kwamba mashamba haya yana historia chungu. Ni kweli?

Ni kweli, na mtu wa pwani yetu atalielewa upesi. Jan van Riebeeck, kamanda wa Waholanzi huko Rasi, aliandika kwenye shajara yake tarehe 2 Februari 1659 kwamba mvinyo wa kwanza wa Rasi umekamuliwa. Kazi iliyofuata, kwa zaidi ya miaka mia moja na sabini, ilifanywa kwa sehemu kubwa na watumwa, wengine wakiwa wametolewa Msumbiji na Madagaska. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1834, lakini watu walifungwa kwa mikataba ya lazima hadi 1838. Baadaye ukaendelea mtindo wa kuwalipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, na madhara ya ulevi huo katika familia za wafanyakazi bado yanaonekana, ingawa sheria imeupiga marufuku.

Baadhi ya mashamba yanaeleza haya waziwazi kwenye makumbusho yao madogo. Mengine yanaonyesha kengele nyeupe nzuri getini bila kusema ilikuwa ikimwita nani. Ulizeni. Jibu la mwongozo litawaambia mengi kuhusu shamba lenyewe.

20. Tunaweza kurudi na chupa ngapi?

Kanuni za forodha za Afrika Mashariki humruhusu msafiri mwenye umri wa miaka 18 au zaidi kuingia na mvinyo usiozidi lita 2 bila ushuru. Chupa ya kawaida ni mililita 750, kwa hiyo ni mbili kwa kila mmoja, nne kwa wawili. Zaidi ya hapo zitajwe forodhani. Haziruhusiwi kwenye begi la mkononi, isipokuwa zilizonunuliwa ndani ya uwanja baada ya ukaguzi. Zifungeni kwa nguo katikati ya begi kubwa, na msitumie mifuko ya plastiki ya kubebea, ambayo Tanzania imeipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Mgeni anaweza kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 15, kwa bidhaa anazotoka nazo ikiwa jumla inazidi randi 250. Wekeni ankara za kodi, na mwende kwa mkaguzi kabla ya kukabidhi mabegi, kwa kuwa atataka kuziona chupa zenyewe. Chakula na malazi havimo.

21. Tumerudi, na kampuni ya gari imekata fedha tena. Kwa nini?

Mara nyingi ni faini ya mwendo iliyonaswa na kamera, ikafika kwa mwenye gari baada ya wiki kadhaa, pamoja na ada ya kampuni ya kushughulikia karatasi. Ombeni nakala ya faini yenye tarehe, saa na mahali, mkailinganishe na ratiba yenu. Ikiwa ni tozo ya mkwaruzo, ombeni picha, na mtume zile mlizopiga siku ya kulichukua gari na siku ya kulirudisha: pande zote nne, vioo, rimu za magurudumu na mita ya kilomita. Asiyepiga picha hizo hana cha kujitetea nacho.